Ikiharibika, Nitamfuata Nani?



Leo nataka tuzungumze habari ya kupima. Sisi watu wa kawaida tunaipimaje huduma mpya ya simu, au programu ambayo kijana wa jirani ameiweka kwenye simu yake na sasa anaisifia kutwa, au ushauri ulioingia alfajiri kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla chai haijachemka? Wataalamu wengi wakilizungumzia jambo hili huanza kwa kutusikitikia. Wananchi hawana elimu ya fedha. Wananchi hawasomi. Wananchi ni wepesi wa kudanganyika. Mimi sikubaliani nao. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya mawakala, kwenye saluni na kwenye vijiwe vya bodaboda nikisikiliza watu wanavyoulizana, na ninachokisikia pale si ujinga. Nasikia watu wanaopima kwa makini, kwa kipimo chao wenyewe. Tatizo liko kwingine, na nitalifikia.

Tuanze na ujumbe ambao karibu kila mwenye laini ya simu hapa Tanzania ameshaupata: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Ujumbe ule ulitegwa kwa akili. Haukumtaja mtumaji wala haukutaja kiasi. Katika nchi ambayo karibu kila mtu ana wa kumtumia, mama aliye kijijini, mtoto aliye bweni, fundi anayedai nusu yake, ujumbe wa namna hiyo ukitawanywa kwa maelfu haukosi kumkuta mmoja ambaye kweli, dakika ileile, alikuwa anajiandaa kutuma hela. Wengi walilizwa.

Lakini tazama kilichofuata. Aliyelizwa alisimulia. Alisimulia kwa wakala, akasimulia kwenye daladala, akasimulia kazini na nje ya msikiti watu walipokuwa wakivaa viatu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka namba 15040 ya kupelekea taarifa za namba za matapeli, na nakusihi uitumie. Ila waliowakinga wazee wetu wengi ni wajukuu na mawakala waliowaambia neno fupi: ukiona ujumbe wa hela, mpigie kwanza mwenyewe umsikie sauti. Hakuna benki iliyowaandikia kanuni hiyo. Iliandikwa na hasara ya watu, ikaenezwa na midomo ya watu, na leo mama mtu mzima mwenye kitochi anausoma ujumbe ule, anaufuta, anaendelea na kuchambua mchele wake.

Kipimo hicho cha kumtegemea mtu unayemjua kina historia ndefu kidogo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, iliwaomba watu jambo zito. Mpe noti zako mtu aliyekaa kibandani, naye akupe maandishi kwenye simu. Kwa nini walikubali hata watu ambao hawakuwahi kuukaribia mlango wa benki? Majibu ya wasomi ni mengi: urahisi, umbali wa matawi ya benki, ukubwa wa mtandao. Yote ni kweli. Lakini mimi naamini jambo lililowatuliza watu roho ni wakala. Wakala ana duka. Anajulikana anakolala. Mtoto wake anasoma na wako. Anaandika muamala kwenye daftari, na hela ikikwama njiani unarudi kwake, anapiga huduma kwa wateja wewe ukiwa umesimama hapohapo unasikia. Kabla ya jambo lolote mtu alijiuliza: ikiharibika, nitamfuata nani? Na jibu lilikuwepo, limekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa rangi ya kampuni.

Baada ya kuridhika na jibu hilo ndipo watu walipogeukia makato, na huko nako hawakulala. Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 15, 2021, ile iliyokata kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi unachotuma au kutoa. Hakuna aliyehitaji semina kuielewa. Ndani ya siku chache watu walikuwa wameshajua kiwango kipi kinaumiza zaidi, wengine wamerudi kupeana noti mkononi, wengine wanasubiri mtu anayesafiri wampe bahasha ampelekee mama. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huohuo Serikali ikaishusha tozo kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikaishusha tena. Watu walewale wanaoambiwa hawana elimu ya fedha walikuwa wamefanya hesabu sahihi, na hesabu yao ikabadilisha sera ya nchi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Mtanzania hajui kupima, namuuliza alikuwa wapi mwaka 2021.

Sasa, kipimo cha kumuuliza jirani kina mahali kinapofaa na mahali kinapotuangusha, na hapa naomba usikilize kwa makini. Kinafaa pale ambapo matokeo yanaonekana upesi. Hela imefika au haijafika. Gari la programu ya teksi limekuja au halikuja, na nauli imekuwa ileile iliyoonyeshwa au imepanda njiani. Jirani akikwambia ilifika, basi ilifika, na wewe ukijaribu itafika. Lakini kuna mambo ambayo ukweli wake unachelewa. Hapo jirani anaweza kukwambia alichokiona kwa macho yake, bila kuongeza neno, na bado ukaangamia.

Wakubwa wenzangu mnaukumbuka mpango wa upatu wa DECI wa mwaka 2009. Watu walipanda mbegu, ndivyo walivyokuwa wakisema, na wakaahidiwa mavuno. Wa mwanzo walivuna kweli. Ushuhuda wao haukuwa na uongo, maana fedha walizishika. Ila fedha zile zilikuwa za aliyepanda nyuma yao, na Serikali ilipoingilia kati na viongozi wa mpango ule wakafikishwa mahakamani, walioumia zaidi ni wale walioamini ushuhuda wa kweli wa ndugu zao. Februari 2025 tumeyaona tena kwa mpango uliojulikana kwa jina la LBL, ambapo watu walilipa kiingilio ili walipwe kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Teknolojia ilikuwa mpya, lakini ushuhuda ulikuwa wa aina ileile: mwenzangu amelipwa, nimeona ujumbe wa muamala. Swali la nani amelipwa halitoshi hapo. Swali ni hela inatoka kwa nani, na kama jibu ni kiingilio cha watakaofuata, basi ujue wa mwisho yupo, na huenda ni wewe.

Na afya ni hivyohivyo. Mwaka 2011, Samunge kule Loliondo, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi watu wakienda kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Sitawasema vibaya waliokwenda. Mtu aliyeugua kwa miaka na hospitali imemchosha anastahili huruma. Walirudi wakisema wanajisikia nafuu, na walikuwa wanasema walichokihisi. Lakini nafuu ya wiki moja haiwezi kutoa ushahidi juu ya virusi vya UKIMWI wala kisukari, maradhi ambayo hali yake inajulikana kwa vipimo. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi wakaja kurudishwa hospitali wakiwa hoi. Siku hizi kikombe hakihitaji safari. Kinakuja kwa sauti iliyorekodiwa, mtu asiyejulikana anakwambia uchanganye hiki na kile unywe asubuhi kwa siku saba. Ukimuuliza shangazi aliyekutumia ameitoa wapi, atasema ametumiwa. Na aliyemtumia naye alitumiwa. WhatsApp yenyewe iliona hatari hiyo, ndiyo maana Aprili 2020 iliweka kikomo kwamba ujumbe uliosambazwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa mara moja. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umepita mikono mingi na mwenyewe hayupo tena. Likiharibika tumbo la mtoto, hakuna wa kumfuata.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Mikopo ya haraka ya kwenye programu za simu, ile ambayo watu wetu wameiweka kapu moja na mikopo mingine ya kausha damu, yaani ya kumnyonya mkopaji.

Nataka kwanza tumtendee haki mkopaji. Anayefungua programu ile saa nne usiku si mtu anayetaka kununua viatu. Mara nyingi ni mama ntilie ambaye mtaji umekwisha kwa sababu mtoto alilazwa. Ni dereva wa bodaboda ambaye tairi limepasuka na mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni. Ni mwalimu ambaye mshahara uko mbali. Benki inataka dhamana, inataka barua ya serikali ya mtaa, inataka taarifa za akaunti za miezi kadhaa. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kinakutana Jumamosi, na leo ni Jumanne. Ndugu ameshakopwa mwezi uliopita. Programu haimtaki amkabili mtu yeyote. Anajaza namba ya kitambulisho cha NIDA, anajipiga picha uso, anabonyeza kukubali, na baada ya dakika chache simu inalia: umepokea.

Sasa umepokea nini? Tufanye mfano, na mfano huu hauna chumvi. Mtu anaomba shilingi 50,000. Anaona kwenye simu yake zimeingia 35,000. Zile 15,000 zimekatwa mwanzoni, zikaitwa ada ya huduma, ada ya usajili, ada ya mfumo, majina ni mengi. Baada ya siku 7 anatakiwa alipe 50,000. Kwenye tangazo hakuna palipoandikwa riba kubwa. Huenda palisomeka riba ni ndogo kabisa. Lakini toa majina ya ada uangalie shilingi. Amepewa 35,000, amelipa 15,000 juu yake, kwa wiki moja. Ni karibu asilimia 43 kwa siku saba. Ni zaidi ya shilingi 2,100 kila siku inayokucha, kwa biashara ya maandazi na chai.

Mlinganishe huyo na aliyekopa 35,000 hizohizo kwenye kikoba kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi. Ni 3,500 kwa mwezi mzima, na hizo 3,500 hazipotei. Zinaingia sandukuni, na siku ya kuvunja kikoba mwisho wa mwaka naye anapata sehemu yake kulingana na hisa alizonunua. Vikundi hivi vimetambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikawekwa daraja la nne. Vina kasoro zake. Waweka hazina wametoroka na fedha, waume wamekuwa wakikopa kupitia majina ya wake zao, na siku ya marejesho imevunja urafiki mwingi. Lakini kasoro hizo zina sura na jina. Mweka hazina akikimbia, kikundi kizima kinajua kwao ni wapi.

Iko pia mikopo ya mitandao ya simu yenyewe, Songesha hapa kwetu, Fuliza kule Kenya tangu 2019, inayokujazia salio likipungua na kujikata hela ikiingia. Hii ni huduma inayosimamiwa, na haimpigii shangazi yako simu kukudai. Hatari yake ni ada ya kila siku kwa mtu anayeishi ndani ya mkopo mwezi hadi mwezi. Wakenya walilalamika hadi mwaka 2022 makato ya Fuliza yakapunguzwa, na wanaokopa hadi shilingi 1,000 za Kenya wakapewa siku tatu za mwanzo bila ada ya kila siku. Nimeitaja kwa sababu inathibitisha tena nilichosema mwanzo. Watu wakiona bei kwa uwazi, wanaipima na wanasema.

Turudi kwenye zile programu. Gharama ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile ruhusa mkopaji aliyoitoa alipobonyeza kukubali: programu isome orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yake. Alidhani ni utaratibu tu. Kumbe hiyo ndiyo dhamana. Hawakuchukua hati ya kiwanja, wamechukua watu wake. Siku ya nane, kabla jua halijapanda, mwajiri wake anapata ujumbe. Mchungaji wake anapata ujumbe. Mama mkwe anapata ujumbe: mwambie fulani alipe, ni mwizi, wewe umeandikwa kuwa mdhamini wake. Wengine wametumiwa picha ya mkopaji yenye maneno ya kumdhalilisha. Watu wale hawakukopa, hawakudhamini, hawakuulizwa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na linaniuma kwa namna ya pekee. Nimesema kipimo chetu sisi watu wa kawaida ni kujuana. Tunaamini huduma kwa sababu tunamjua wakala, tunaamini kikundi kwa sababu tunawajua wanakikundi, tunakwepa matapeli kwa sababu tumempigia mwenyewe tukamsikia sauti. Programu hizi zimekichukua kitu hichohicho, kule kujuana kwetu, zikakigeuza fimbo. Yule ambaye ungemuuliza kabla ya kukopa ndiye anayetumiwa matusi yako baada ya kukopa.

Na kuna jambo baya zaidi. Nilikwambia ujumbe wa ile hela ulipungua nguvu kwa sababu waliolizwa walisimulia. Aliyenaswa na mkopo wa programu hasimulii. Alikopa usiku kwa siri ili asiaibike, na akishaaibishwa anajificha zaidi. Anakopa programu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Anabadilisha laini. Wapo wanaohama nyumba. Mtaa haujifunzi, kwa sababu mwenye funzo amenyamaza, na wiki inayofuata jirani yake wa mlango wa pili anapakua programu ileile. Ndiyo maana nasema tatizo si ujinga. Ni aibu, na kuna watu wanaofanya biashara kwa aibu yetu.

Je, mamlaka zimefanya nini? Zimefanya, nami sitaki kuzinyima haki yake. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali walio daraja la pili la huduma ndogo za fedha, ikigusa uwazi wa gharama, namna ya kudai madeni na faragha ya mkopaji. Novemba mwaka huohuo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na kuutahadharisha umma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Wenzetu wa Kenya walitangulia kidogo: kanuni zao za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinakataza wazi kutumia orodha ya majina ya mkopaji kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa. Mwaka 2023 Kamishna wao wa ulinzi wa taarifa aliitoza kampuni moja yenye programu mbili za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kuwatumia watu vitisho kwa namba ilizozipata kutoka kwa watu wengine. Hata Google, tangu mwisho wa Mei 2023, inazikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake zisiguse majina na picha za mtumiaji, na kabla ya hapo ilishakataza mikopo binafsi inayotaka deni lote lirudi ndani ya siku 60.

Ndiyo sababu siku hizi programu mbaya nyingine hazipatikani dukani kabisa. Unatumiwa kiungo kwenye ujumbe, ubonyeze, uipakue moja kwa moja. Ukiona hivyo, msikilizaji, huhitaji kusoma zaidi. Mkopeshaji aliyekwepa mlango wa mbele ana sababu.

Na lipo ambalo mamlaka bado hazijalifanya vya kutosha. Tunaambiwa kila siku tusome vigezo na masharti. Vigezo vipi? Vilivyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kumi kwenye kioo chenye upana wa kiganja, mbele ya mtu ambaye mtoto wake ana homa? Huo si ushauri, ni kumwachia mnyonge mzigo wa mwenye nguvu. Muuza mchele sokoni halazimiki kukupa kitabu. Anakuonyesha kilo, anakutajia bei, unaona mizani ikitulia. Nataka mkopeshaji naye alazimishwe hivyohivyo. Kabla sijabonyeza kukubali, niletewe ujumbe mmoja wa Kiswahili: utapokea shilingi kadhaa mkononi, utalipa shilingi kadhaa, tarehe fulani, ukichelewa itaongezeka shilingi kadhaa kwa siku, leseni yetu ni namba fulani, ofisi yetu iko mahali fulani. Mistari mitano. Mama ntilie akiipata mistari hiyo atapima kuliko mhasibu, kwa sababu yeye anajua faida ya sufuria moja ya wali inatoka vipi.

Najua kuna anayenisikiliza na kusema: aliyekopa alipe, dawa ya deni ni kulipa. Nakubaliana naye kabisa. Deni ni deni, na mkopeshaji mwaminifu asiyelipwa naye ana watoto. Lakini deni langu ni kati yangu na wewe uliyenikopesha. Halimhusu mwalimu mkuu wa shule ya mwanangu, halimhusu kadhi, halimhusu mtu niliyemhifadhi kwenye simu kwa jina la fundi bomba. Na deni ambalo mkopeshaji wake hana leseni, hana ofisi, anabadilisha jina la programu kila mwezi, halina haki ya kujificha nyuma ya methali za waungwana.

Basi nikuombe mambo machache kabla hatujaagana. Kabla ya kukopa kwa programu yoyote, ingia kwenye tovuti ya Benki Kuu uangalie kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni. Kama huwezi, mwombe kijana wa nyumbani akuangalizie. Iulize programu shilingi zitakazoingia mkononi na shilingi zitakazotoka, achana na asilimia zake. Ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ikatalie. Ikigoma kukukopesha kwa sababu hiyo, imekuonyesha dhamana yake ni nini. Na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu kuna watu wanadaiwa kwa laini wasizozijua.

Lakini ombi langu kubwa nalielekeza kwako wewe usiyedaiwa. Siku moja simu yako italia, na utaona ujumbe wa kumtukana mtu unayemfahamu, jirani, mfanyakazi mwenzako, dada yako. Ujumbe huo umetumwa kwako kwa makusudi, kwa sababu aliyeutuma anakutegemea wewe ummalizie kazi yake. Usiusambaze. Usiupeleke kwenye kundi la familia wala la kazini. Utunze kama ushahidi, kisha mpigie mwenyewe umsikie sauti. Mwambie umeupata na hujamdharau. Kaeni pamoja mpige hesabu ya nini kinadaiwa na nani anadai, msaidie kupeleka malalamiko Benki Kuu au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkitoka hapo simulieni, mtaa mzima usikie jina la programu hiyo.